Barabara za mtaa na njia za miguu Dar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ukifika mwezi wa saba simu yangu haipumziki. Kijiko kimeonekana kona ya mtaa, kifusi kimemwagwa mbele ya duka la mtu, bas watu wanataka kujua nini kinaendelea. Mimi sio injinia, nimekaa tu kwenye kamati ya mtaa muda mrefu, nimebeba barua nyingi kwenda ofisi nyingi na nimekaa saiti na mafundi mpaka nikajua hiki wanafanya nini na kile kwa nini hawafanyi. Nimekusanya hapa yale yanayoulizwa sana.

Hii barabara yetu ni ya nani hasa? Jiji, TARURA au TANROADS?

Hili ndo swali la kwanza na ndo watu wengi wanapopotelea. Zamani ukiwa na shida ya barabara ya mtaa ulienda kwa injinia wa manispaa. Tangu Julai 2017 kazi hiyo iko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, upo chini ya TAMISEMI, yani ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Halmashauri inabaki na madiwani, mipango, usafi na vibali, lakini mwenye mkataba na mkandarasi wa barabara yako ya mtaa ni meneja wa TARURA wa wilaya. Barabara kubwa, yani Morogoro, Nyerere, Mandela, Kilwa na nyingine za namna hiyo, ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mkoa, ambao wapo tangu 2000 na wako chini ya wizara ya ujenzi.

Afu kuna mkanganyiko wa neno "Jiji". Tangu Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni ile iliyokuwa manispaa ya Ilala. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni ni manispaa zenye ofisi zao. Kwahiyo wewe wa Mbagala ukipeleka barua ya barabara pale Jiji utapokelewa vizuri, utagongewa muhuri wa kupokea, na hiyo barua itakaa hapohapo.

Njia rahisi ya kujua ni kuuliza kwa mtendaji wa mtaa, "hii iko kwenye orodha ya TARURA?" Kuna vichochoro watu wanaviita barabara kumbe havimo kwenye orodha yoyote, na kisichokuwa kwenye orodha hakitengewi hata mia.

Mtaa wa pili wamewekewa lami, sisi tunachongewa tu na greda. Kwani sisi sio binadamu?

Ni binadamu, ila ni mafungu mawili tofauti. Lugha ya ofisini inagawa matengenezo hivi: kuna matengenezo ya kawaida (kufyeka, kuzibua mitaro, kuziba mashimo, kuchonga), kuna ya muda maalum ambayo yanakuja baada ya miaka kadhaa kurudisha tabaka la juu la lami au la changarawe, kuna ya sehemu korofi yani pale tu panapokwamisha gari wakati barabara iliyobaki ni nzima, na kuna ya madaraja na makalavati. Yote haya ni kutunza kilichopo. Kuitoa barabara kwenye udongo ikawa lami huo ni ujenzi, ni fungu lingine, na mara nyingi linatoka kwenye mradi mkubwa kama DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar, ulioanza 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Huo mtaa wa pili yawezekana uliangukia kwenye mradi. Nyie mko kwenye matengenezo ya kawaida, na greda ndo haki yenu kwa mwaka huo.

Jamani tuache pia kudharau greda. Barabara ya changarawe iliyochongwa vizuri ikawa na mgongo katikati na mtaro pembeni inakaa kuliko lami nyepesi iliyolazwa juu ya maji.

Sasa tunaingizwaje kwenye bajeti?

Ukija kuniuliza mwezi wa saba umeshachelewa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai lakini mipango yake imepikwa toka mwaka wa nyuma, inapita kamati ya maendeleo ya kata, inaenda baraza la madiwani, afu Bunge linakaa kuanzia Aprili mpaka Juni. Kwahiyo barua yenu iwe kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya Krismasi, isainiwe kwenye mkutano wa mtaa, na mumtake diwani aisome kwenye kikao. Barua ya mtu mmoja ni malalamiko. Yenye muhtasari wa mkutano na sahihi za watu 80 hiyo ni ajenda.

Hela zinatoka wapi?

Kwako. Kila lita ya petroli na dizeli ina tozo inayoingia Mfuko wa Barabara, na 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Kwahiyo hata mwenye bodaboda anachangia barabara kila anapojaza, na hata mama asiye na chombo chochote anachangia kwenye nauli ya daladala na kwenye bei ya nyanya. Halmashauri nazo zinaweza kuongeza kidogo toka mapato ya ndani.

Kwa nini wanaziba shimo leo na mvua moja tu linarudi?

Hapa naomba mnivumilie maana hapa ndo penyewe.

Lami ni paa. Haibebi mzigo peke yake, inabebewa na tabaka za chini, kifusi na kokoto zilizoshindiliwa. Kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasiende chini. Ikipata ufa mdogo, maji yanaingia, zile tabaka zinalainika, gari inapita juu inakandamiza maji yale yanatoka na udongo laini kama mtu anayekamua tui, kunabaki uwazi chini na juu panabomoka. Shimo unaloliona ni mwisho wa hadithi, lilianza miezi nyuma wakati maji yalipokosa pa kwenda.

Sasa fundi akija akafagia juujuu, akamwaga lami, akapigapiga na sepetu, amefunika kidonda na usaha ndani. Kiraka cha kweli kinafanywa hivi: wanakata mraba wenye kingo zilizosimama wima mpaka wafike kwenye lami nzima, wanachimba kutoa kile kilicholowa hata kama ni nusu mita, wanajaza kifusi kizuri kwa tabaka nyembamba na kushindilia kila moja, wanapaka lami ya maji ili vishikane, wanaacha ikauke, ndo wanaweka lami ya juu na kushindilia mpaka ilingane na barabara. Kikibaki chini ya usawa ni bakuli la maji, kikizidi sana ni tuta.

Na hata ukifanya yote hayo, kama mtaro wa pale umeziba, kiraka kitakufa palepale au mita moja pembeni. Ndo maana mimi nikiona shimo siangalii shimo, naangalia maji ya mvua yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Dar ni tambarare, maji ya ardhini yako karibu, mabonde kama Msimbazi yanapokea maji ya sehemu kubwa ya mji, na mnajua wenyewe Jangwani ikijaa barabara ya Morogoro inafungwa na mji unasimama. Mtaani kwetu ni Jangwani ileile ila ndogo.

Wamekata miraba barabarani wakaondoka siku tatu. Wametukimbia?

Si lazima. Ile lami ya maji inataka muda kukauka, inaweza kuchukua siku moja au zaidi, na ikinyesha katikati wanasubiri tena. Siku tatu sio kosa. Wiki tatu ni kosa, na kukata miraba bila koni wala utepe wala kitu cha kung'aa usiku ni kosa toka saa ya kwanza, maana mtu wa bodaboda haoni. Hapo piga picha.

Kwa nini wanaanza kazi mvua zinapokaribia, wasifanye kiangazi?

Mwaka wa fedha unaanza Julai, zabuni zinatangazwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, watu wanaomba, wanachambuliwa, mkataba unasainiwa, mkandarasi analeta vifaa, na hapo Oktoba imefika na vuli inagonga mlango. Wakikosa dirisha hilo wanasubiri Januari na Februari, kisha masika ya Machi mpaka Mei yanafunga tena. Wale mameneja wajanja huandaa makabrasha mapema ili Julai wawe wanasaini badala ya kuanza kutangaza. Kushindilia udongo uliolowa ni sawa na kushindilia uji, kwahiyo mkiona wamesimama sababu ya mvua waacheni.

Mitaro ni ya nani? Maana kila mtu anasema sio yake.

Mtaro wa pembeni ya barabara ni sehemu ya barabara, kwahiyo kuujenga na kuuzibua kumo kwenye matengenezo ya kawaida. Taka zilizomo humo ni habari ya halmashauri na ya sisi wenyewe. Tuambiane ukweli: mtaro unazibuliwa Jumatatu, mchanga na chupa zinapangwa kando, hakuna gari la kuzizoa, Ijumaa inanyesha vimerudi vyote ndani. Kwenye mkataba au kwenye mkutano wa mtaa ulizeni jambo moja, "uchafu utakaotolewa utazolewa lini na nani?" Swali hilo tu limewahi kutuokolea mtaro mzima.

Na wale wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha, mtusamehe, hiyo sio mifereji ya kunyia. Watoto wanavuka humo na viatu vya shule.

Mifuniko ya zege ikiibwa ama kuvunjika toa taarifa haraka. Wezi wanavunja kutafuta nondo wauze chuma chakavu, na shimo linalobaki ndilo linalovunja watu miguu umeme ukikatika.

Njia za waenda kwa miguu kwa nini huwa za mwisho, na mara nyingi hazipo kabisa?

Kwa sababu anayetembea hapigi honi. Sina jibu lingine zuri zaidi ya hilo. Hela ikipungua kwenye mkataba kitu cha kwanza kukatwa ni njia ya miguu, wanasema "tutairudia awamu ijayo", wakati ukisimama barabara yoyote ya mtaa saa kumi na mbili asubuhi wanaotembea ni wengi kuliko magari mara kadhaa, kila abiria wa daladala na mwendokasi ni mtembea kwa miguu kabla ya kupanda na baada ya kushuka.

Na sio anasa. Mradi wa SARSAI, wa usalama barabarani karibu na shule, wa shirika la Amend ulioanzia hapahapa Dar ulikuwa na vitu vidogo sana, njia ya miguu mpaka getini kwa shule, vizuizi magari yasipande, matuta, vibao vya mwendo, pengine kuhamisha tu geti la shule litazame mtaa wenye magari machache, na 2019 ukapata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Vitu vya mchanga na saruji tu hivyo.

Njia nzuri ya miguu iwe na upana wa watu wawili kupishana bila mmoja kushuka barabarani, isiwe na nguzo katikati, na kila inapokutana na mtaa mwingine iwe na mteremko mlaini wa kiti cha magurudumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo toka 2010, lakini bado unakuta kingo ya futi moja, mama ana mtoto mgongoni na ndoo kichwani anaambiwa aruke.

Kitu ambacho watu hawakioni: njia ya miguu nayo inaua au inaokoa lami. Ikiinamia barabarani bila mtaro katikati, maji yote yanakuja kwenye lami. Ikikosekana, watu na bodaboda wanakanyaga bega la barabara linachimbika, ukingo wa lami unabaki unaning'inia, unakatika kidogokidogo kama mkate. Kwahiyo anayekwambia "kwanza barabara, miguu baadae" hata hiyo barabara yake haitunzi.

Paving, zege au lami kwa njia ya miguu?

Kwa mtaani mimi nachagua paving, vile tunavyoviita vitofali. Sababu ni moja, bomba likipasuka chini unavitoa, unatengeneza, unavirudisha vilevile. Zege ukikata umeharibu. Lakini vitofali vinataka kingo imara pembeni zisizotembea na mchanga ulioshindiliwa chini, vinginevyo baada ya masika moja vinakuwa mawimbi. Ukiona mafundi wanavipanga juu ya udongo mtupu, simamisha kazi kwa mdomo wa adabu na umwite mtendaji. Zege linafaa juu ya mtaro, na hapo lipeni siku zake za kumwagiwa maji, msipitishe pikipiki kesho yake eti limekauka. Limekauka juu tu.

Machinga, mama lishe na magari yaliyopaki juu ya njia ya miguu, nani anawaondoa?

Mpango na usimamizi wa wafanyabiashara ni wa halmashauri. Mwishoni mwa 2021 tuliona walivyoondolewa njiani mji mzima wakapelekwa maeneo yaliyopangwa, mji ukapumua kidogo, afu taratibu kona kwa kona watu wakarudi maana wateja wanapita njiani, hawapiti kwenye yale maeneo. Mimi sitaki kumlaumu mwenye meza ya maembe wakati gari la mtu limepanda mzimamzima juu ya vitofali na hakuna anayemgusa. Meza inahama jioni. Gari la tani moja na nusu linavunja vitofali na ndo chanzo cha yale mawimbi. Vizuizi vya zege au vyuma kila mita moja na nusu vinamaliza hili bila ugomvi, ombeni viwemo kwenye makadirio.

Ukuta wangu umewekwa X.

Maana yake uko ndani ya hifadhi ya barabara, yani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, au wanadai uko. Kwa barabara kuu na za mkoa, sheria ya barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ikawa mita 30 kila upande toka katikati, awali ilikuwa 22.5, na aliyekuwepo kihalali kabla ya huo upanuzi ana hoja ya fidia. Barabara za mtaa vipimo ni vidogo zaidi. Usibishane na aliyeshika rangi, huyo katumwa. Nenda na hati au mauziano yako na kibali cha ujenzi, uombe wakupimie mbele yako, na jibu walitoe kwa maandishi.

Mkandarasi kaziba geti langu na mtaro.

Anatakiwa akuwekee kivuko cha muda na akimaliza akuachie kivuko cha kudumu mahali palipokuwa na njia halali. Mwambie mapema kabla hajamwaga zege. Na usijaze mtaro vifusi upitishe gari, ukifanya hivyo jirani wa juu ndo anayefurika.

Lami mpya kabisa, wiki mbili tu, wamekuja kuikata kupitisha bomba. Hii imekaaje?

Hili hata mimi linanipandisha presha. Kwetu ilitokea, mtaa umesubiri miaka, siku ya kumi na nne jamaa wa mabomba wamepita katikati na majembe, wakafukia na udongo uleule, wakaweka mawe juu, kwaheri. Utaratibu ni kwamba anayekata barabara lazima awe na kibali cha mwenye barabara na gharama ya kurudisha ni yake. Kwahiyo ukiona mtu anachimba, sema tu "naomba kuona kibali". Akikosa, piga picha ya gari lake na fulana zake. Dawa yenyewe ni mapema zaidi, mkisikia barabara yenu iko kwenye mpango, watangazieni watu wote wenye kuhitaji maji, waya au bomba la maji taka wavuke kabla, na muombe mabomba matupu yazikwe kukatisha barabara ili baadae waya upite bila jembe.

Tunaweza kuweka tuta wenyewe?

Hapana. Najua mnafanya. Tuta la udongo na mawe linaangusha bodaboda usiku, linakusanya maji upande mmoja (mnaona tunarudi kulekule), na gari la wagonjwa linapita na mgonjwa wake. Andikeni kwa TARURA, ombeni tuta la vipimo, kibao na rangi.

Malori ya mchanga yanatumalizia barabara, au ni maneno tu?

Sio maneno. Kanuni wanayotumia mainjinia inasema uharibifu unapanda kwa nguvu ya nne ya uzito wa ekseli, yani ekseli ikibeba mara mbili inaharibu kama mara 16. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu gari lote hadi tani 56 na ekseli moja ya matairi manne tani 10, lakini hiyo ni kwa barabara kuu zenye mizani. Barabara ya mtaa imejengwa kwa ajili ya bajaji, kirikuu na gari la taka. Tipa moja linalomimina mchanga wenye maji kila siku kwa ujenzi wa ghorofa la mtu mmoja linawagharimu mtaa mzima. Mtaa una haki ya kuitisha kikao na mwenye ujenzi na kukubaliana njia moja ya kupita.

Nalalamika wapi, na niandike nini nisipuuzwe?

Anza na bango la mradi, pale pana jina la mkandarasi, msimamizi na muda wa mkataba. Hakuna bango? Hilo ndo lalamiko la kwanza. Andika jina la mtaa, pameanzia wapi pameishia wapi kwa alama ambayo mgeni anaiona (msikiti, shule, kituo cha daladala), tarehe, picha ikiwa kavu na picha ikiwa imenyesha. Nakala kwa mtendaji, kwa diwani na kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Omba muhuri kwenye nakala yako. Matusi yaache nyumbani, nimeona barua nzuri ikifa sababu ya sentensi moja ya mwisho.

Kama kazi imeshaisha ulizeni kama iko kwenye muda wa matazamio. Kwa kazi za ujenzi huwa kama mwaka mmoja, na ndani ya muda huo mkandarasi anarekebisha kasoro kwa hela yake, sehemu ya malipo yake bado imeshikiliwa. Watu wengi wanakuja kulalamika mwezi wa kumi na tatu.

Wakimaliza sisi raia tutajuaje kama kazi ni nzuri? Hatuna vipimo.

Subirini wakunje vifaa lakini kabla ya makabidhiano. Chukueni ndoo tano za maji na mtoto mmoja mwenye baiskeli. Mtoto aendeshe polepole juu ya viraka na juu ya njia ya miguu, akitikisika mnaweka alama ya chaki. Maji mwageni katikati ya barabara, mwageni kwenye njia ya miguu, mwageni mbele ya geti la kila mwenye wasiwasi. Yakitembea mpaka mtaroni na mtaroni yakaendelea kwenda, sainini. Yakisimama, pigeni picha pale yaliposimama, mkampelekee meneja siku hiyohiyo kabla hayajakauka.